Debe Tupu Haliachi Kuvuma: Somo la Kuunda Kasha la Spika ya Besi Garini

IKISIRI

Makala haya yananuia kufafanua namna ya kupima, kukata na kuunga kasha la spika ya besi linalokusudiwa kuwekwa ndani ya gari. Hoja yetu kuu ni kwamba besi nzuri hutokana zaidi na kiasi cha hewa kilichopimwa ndani ya kasha kuliko ukubwa au bei ya spika yenyewe. Mifano imetolewa Nakuru na sehemu za kati za Bonde la Ufa, ambako hewa ni nyepesi kuliko ya pwani na kwa hiyo hubadilisha hesabu. Aidha, tunadhihirisha kuwa maarifa ya aina hii yanaweza kuelezwa kwa Kiswahili, hatua kwa hatua na kwa tarakimu kamili.

1.0 UTANGULIZI

Msafiri aliyezoea kupanda matatu kutoka Nakuru kwenda Njoro, Molo au Naivasha anaifahamu besi hata kama hajawahi kuulizwa maana yake. Huihisi kifuani kabla hajaisikia masikioni. Hata hivyo, si kila mvumo ni besi nzuri. Katika gari moja kila sauti ya chini husikika kama sauti ile ile: gitaa la besi na ngoma havitofautiani, na bati la mlango hutetemeka pamoja navyo. Katika gari jingine msikilizaji huweza kufuata kila hatua ya gitaa la besi, likipanda na kushuka, na kila pigo la ngoma likaanza na kukoma mahali pake. Mara nyingi spika za magari hayo mawili hulingana kwa ukubwa na kwa bei. Kinachotofautiana ni kasha.

Wahenga walinena kuwa debe tupu haliachi kuvuma. Methali hii hutumiwa kumsema mtu mwenye maneno mengi na maarifa haba, lakini imejengwa juu ya jambo la kweli la kimaumbile. Debe lina kuta nyembamba na hewa isiyo na kipimo cha makusudi. Ukiligonga kwa kidole, kwa fimbo au kwa jiwe, litakujibu kwa sauti yake lenyewe. Kasha baya la spika ni debe la aina hiyo. Muziki huingia ukiwa na sauti nyingi, nalo likatoa moja tu, ile yake.

Huenda msomaji wa jarida hili akauliza: somo la useremala na umeme lina uhusiano gani na Kiswahili? Jibu letu ni kwamba Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliifanya lugha hii kuwa ya taifa na pia lugha rasmi. Lugha rasmi haiishi kwa ushairi na sarufi pekee. Karatasi inayofungwa pamoja na spika mpya huandikwa kwa lugha za kigeni na kujaa alama za hesabu, ilhali mazungumzo ya fundi na mteja wake katika karakana ya jua kali mara nyingi huendeshwa kwa Kiswahili. Baina ya karatasi ile na mazungumzo haya pana pengo. Kwa sababu ya pengo hilo, karatasi hutupwa pamoja na boksi lake, kasha likakadiriwa kwa macho, na mwenye gari akapoteza spika aliyoinunua kwa akiba ya miezi kadhaa.

2.0 ISTILAHI ZINAZOTUMIKA

Neno besi si geni. Limekuwamo katika msamiati wa wanamuziki wa taarab kwa miaka mingi, likitaja ala ya nyuzi yenye sauti nzito kuliko zote. Wala wazo la kupata besi kutoka katika kisanduku cha mbao si geni. Katika muziki wa kidumbak wa Zanzibar, ala inayobeba sauti ya chini huitwa sanduku. Ni sanduku la mbao lililofungwa uzi mmoja ulioshikiliwa na fimbo. Mpigaji huukaza na kuulegeza uzi kwa kuivuta fimbo. Uzi ule peke yake ungesikika kwa shida hatua chache tu kutoka alipo mpigaji. Hewa na mbao za sanduku ndizo zinazoupa kifua.

Katika makala haya tutatumia neno kasha kwa maana ya chombo cha mbao kinachobeba spika. Koni ni ile sehemu ya spika inayokwenda mbele na nyuma. Koili ni waya uliozungushwa nyuma ya koni, ndani ya sumaku. Marudio ni idadi ya mitetemo katika sekunde moja, nayo hupimwa kwa Hezi. Kasha lililozibwa ni lile lisilo na mwanya wowote wa hewa, na kasha lenye tundu la pumzi ni lile lililowekwa bomba la kupitishia hewa kwa kipimo maalumu.

3.0 KWA NINI SPIKA HUHITAJI KASHA

Koni inaposukuma hewa iliyo mbele yake, wakati huo huo huivuta hewa iliyo nyuma yake. Hivyo basi, spika hutoa sauti mbili zilizo kinyume. Sauti nyembamba husafiri zaidi upande mmoja, kwa hiyo madhara yake si makubwa. Besi ni tofauti. Sauti husafiri hewani takriban mita 344 kwa sekunde. Kwa hiyo wimbi la Hezi 40 lina urefu wa mita 8.6, kuliko matatu ya abiria 14 kutoka taa za mbele hadi za nyuma. Wimbi refu kiasi hicho huizunguka spika bila kizuizi, na sauti ya nyuma ikaifuta ile ya mbele. Ni sawa na mtu anayemwaga maji kwa mkono mmoja na kuyazoa kwa mwingine. Ndiyo maana spika ya besi iliyoshikwa mkononi bila kasha hutoa sauti hafifu ya kushangaza.

Kazi ya kwanza ya kasha, basi, ni kuzitenganisha sauti hizo mbili. Kazi ya pili ndiyo inayosahaulika. Hewa iliyofungwa ndani ya kasha hufanya kazi kama springi. Koni ikiingia ndani, hewa hugandamizwa na kuisukuma nje. Koni ikitoka, hewa huivuta irudi. Kasha likiwa dogo mno, springi huwa ngumu: sauti za chini kabisa hupotea na marudio machache ya juu yake huvimba, ndipo mvumo wa debe unapozaliwa. Kasha likiwa kubwa mno, springi hulegea na koni ikaenda mbali kupita uwezo wake hadi koili ikagonga chuma.

Zamani jambo hili lilikadiriwa kwa kubahatisha. Mwaka 1954 Edgar Villchur wa Marekani alionyesha kuwa kasha dogo lililozibwa laweza kutoa besi ya chini iwapo hewa yenyewe itatumiwa kama springi ya spika. Mwaka 1961 Neville Thiele wa Australia alichapisha hesabu za makasha yenye tundu, na katika miaka ya 1970 Richard Small akaziendeleza. Tarakimu zinazoandikwa leo kwenye karatasi ya spika ni matunda ya kazi ya wataalamu hao wawili.

4.0 KUPIMA

4.1 Tarakimu tatu za lazima

Katika karatasi ya spika, mjenzi atafute alama tatu. Ya kwanza ni Fs, yaani marudio ambayo koni hupenda kutetemeka ikiwa huru. Ya pili ni Qts, inayoonyesha jinsi spika inavyoweza kujizuia isiendelee kutetemeka baada ya pigo. Kadiri tarakimu inavyokuwa ndogo, ndivyo uwezo wa kujizuia unavyokuwa mkubwa. Ya tatu ni Vas, yaani kiasi cha hewa, kwa lita, ambacho ugumu wake wa kispringi unalingana na ule wa mning'inio wa koni.

Tuchukulie mfano wa spika ya inchi 12 yenye Fs ya Hezi 28, Qts ya 0.45 na Vas ya lita 60. Kwa kasha lililozibwa, jumla inayokubaliwa na wengi kuwa ndiyo ya besi iliyosawazika ni 0.707. Hesabu huendeshwa hivi:

(a) Gawanya 0.707 kwa Qts: 0.707 ÷ 0.45 = 1.571.
(b) Zidisha jibu kwa lenyewe: 1.571 × 1.571 = 2.468.
(c) Toa 1: hubaki 1.468.
(d) Gawanya Vas kwa jibu hilo: 60 ÷ 1.468 = takriban lita 41.

Ukizidisha Fs kwa lile jibu la hatua ya kwanza, yaani 28 × 1.571, utapata Hezi 44. Hayo ndiyo marudio ambayo chini yake sauti ya spika itaanza kupungua. Ndani ya gari upungufu huo haudhuru sana, kwa kuwa chumba kidogo kilichofungwa huziongezea nguvu sauti za chini.

4.2 Hewa ya Nakuru

Lita 41 ni jibu sahihi kwa Mombasa. Jiji la Nakuru liko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa hapo ni kama asilimia 80 ya ile ya pwani. Springi ya hewa hutegemea kanieneo. Kwa hiyo hewa ya Nakuru ni springi legevu zaidi, na Vas ya lita 60 iliyopimwa karibu na usawa wa bahari hushuka hadi takriban lita 48. Tukirudia hatua ya mwisho, 48 ÷ 1.468 hutupa lita 33.

Je, aliyejenga kasha la lita 41 Nakuru ameharibu kazi? La. Besi yake itakuwa kavu kidogo, na koni yake itakwenda mbali zaidi kwa nguvu ile ile ya umeme. Alichopoteza ni nafasi ya lita 8 na kiasi fulani cha usalama wa spika. Kwa gari linalofanya safari zake Bonde la Ufa, tunapendekeza lita 33. Kwa lile linaloteremka pwani kila mara, lita 41.

4.3 Nyongeza

Spika yenyewe huchukua nafasi ndani ya kasha, na vilevile vipande vya kuimarishia kuta. Tukikadiria lita 3 kwa spika na lita 2 kwa vipande hivyo, jumla ya ndani inakuwa lita 38. Vipimo vya ndani vya upana wa sentimita 50, urefu wa kwenda juu wa 34 na kina cha 22.4 hutoa sentimita za ujazo 38,080, yaani lita 38. Kabla ya kukata, mjenzi ahakikishe kuwa kina hicho kinaitosha sumaku ya spika yake na kubakisha sentimita kadhaa nyuma yake.

Umbo laweza kubadilika ilimradi ujazo usibadilike. Panapohitajika kasha la kuegemea kiti, ambalo kina chake ni kikubwa chini na kidogo juu, jumlisha vina viwili vya ndani, gawanya kwa 2, kisha uzidishe kwa upana na urefu.

5.0 KUKATA NA KUUNGA

Ubao unaofaa ni MDF, yaani nyuzi za mbao zilizochanganywa na gundi na kugandamizwa, wenye unene wa milimita 18. Plaiwudi nzuri ya unene huo pia yafaa, na huvumilia unyevu zaidi. Mbao za kawaida za msonobari na msaipresi, ambazo viwanda vya Elburgon na Molo vimejulikana kwazo, ni nzuri kwa mapaa na samani. Lakini mbao hizo hutanuka na kunywea kufuatana na unyevu, maungio yakaachana na hewa ikapenya. Kuta nyembamba nazo hutetemeka zenyewe, na hapo tumerudi kwenye debe.

Kwa mfano wetu, kata vipande vifuatavyo:

(a) Mbele na nyuma: vipande 2 vya sentimita 53.6 × 37.6.
(b) Juu na chini: vipande 2 vya sentimita 53.6 × 22.4.
(c) Kando: vipande 2 vya sentimita 34 × 22.4.
(d) Kipande kimoja zaidi cha sentimita 53.6 × 37.6 cha kuongeza unene wa uso wa mbele, ambao hubeba uzito wa spika. Hubandikwa kwa nje ili kisipunguze ujazo.

Vipande vyote hutumia takriban theluthi moja ya ubao mzima wa futi 8 kwa 4. Mkataji afunike pua na mdomo, kwani vumbi la MDF ni laini sana na hudhuru mapafu.

Toboa kwanza matundu membamba ya skrubu, la sivyo ubao utapasuka kingoni. Paka gundi ya mbao kwenye urefu wote wa kila ungio, kaza skrubu kila baada ya sentimita 10 hadi 15, na ufute gundi inayofurika. Skrubu kazi yake ni kubana tu hadi gundi ikauke. Kinachoziba ni gundi. Weka kipande cha mbao katikati kikiunganisha ukuta wa juu na wa chini. Kisha pitisha silikoni katika pembe zote za ndani na uache kasha wazi kwa muda wa saa 24 kabla ya kufunga spika, kwa maana mvuke wa silikoni mbichi waweza kuharibu sehemu zake.

Tundu la spika likatwe kwa kipimo cha karatasi, si kwa kufuatisha ukingo wa nje wa spika. Weka utepe wa sponji kati ya ukingo na ubao. Nyuzi za poliesta, kama zile za kujazia mito, zikiwekwa kwa wastani hulifanya kasha lililozibwa liwe kana kwamba limeongezeka kwa asilimia 10 hadi 20.

Jaribio la mwisho ni rahisi. Sukuma koni taratibu kwa vidole vilivyotandazwa, kisha uachilie. Ikirudi polepole, kasha limeziba. Ikirudi ghafla, pana mwanya. Ili kuutafuta, cheza sauti ya chini na upitishe kijiti cha udi kinachofuka kandokando ya maungio. Moshi utayumba palipo na mwanya.

6.0 KASHA LENYE TUNDU LA PUMZI

Kasha la aina hii hutoa sauti kubwa zaidi kwa umeme ule ule, nalo hupendwa katika matatu. Hewa iliyo ndani ya bomba hutetemeka juu ya hewa ya kasha kama inavyotetemeka hewa ya shingo ya chupa inapopulizwa mdomoni. Marudio ya mtetemo huo huamuliwa na ujazo wa kasha, upana wa bomba na urefu wake. Kwa kasha la lita 55 na bomba la duara la kipenyo cha sentimita 10, marudio ya Hezi 35 hupatikana bomba likiwa na urefu wa sentimita 27.7. Bomba likifupishwa marudio hupanda, likirefushwa hushuka. Hapa mwinuko wa Nakuru haubadilishi hesabu, kwa kuwa mtetemo huu hutegemea kasi ya sauti, na kasi hiyo hufuata halijoto badala ya kanieneo.

Tahadhari ni mbili. Kwanza, chini ya marudio ya bomba koni hupoteza springi yake na kwenda mbali bila kizuizi. Kwa hiyo amplifaya iwe na chujio la kuzuia sauti za chini zaidi. Pili, tundu lililokatwa bila hesabu, eti kwa sababu kasha la jirani lina tundu, hutoa mvumo mmoja usiokoma. Aliyepata spika iliyotumika na isiyo na karatasi asitoboe tundu lolote. Kwa spika ya inchi 12, kasha lililozibwa la lita 30 hadi 40 ndilo lenye hatari ndogo.

7.0 UMEME, GARI NA MASIKIO

Amplifaya ya wati 400 yenye ufanisi wa asilimia 60 huvuta takriban ampea 48 inapofanya kazi kwa nguvu zake zote. Waya mwembamba utachemka. Fyuzi iwekwe karibu na betri, katika sentimita 45 za kwanza za waya, ili waya ukichubuka na kugusa bati la gari usiwashe moto. Chujio la amplifaya liwekwe Hezi 80 au chini yake. Kasha lifungwe kwa boliti au mikanda: kitu cha kilo 25 kisichofungwa huruka kuelekea kwa abiria pale dereva anapofunga breki ghafla.

Mwisho ni masikio. Taasisi ya NIOSH ya Marekani hupendekeza mtu asikae katika sauti ya desibeli 85 kwa zaidi ya saa 8 kwa siku, na kila nyongeza ya desibeli 3 hupunguza muda huo kwa nusu. Kwa desibeli 100 hubaki dakika 15 tu. Abiria wa Njoro hushuka baada ya muda mfupi. Dereva na makanga hubaki humo kutwa. Sheria nayo ipo: kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009, zilizotungwa chini ya Sheria ya Mazingira ya 1999, hukataza kelele zilizokithiri. Hapa kasha lililopimwa hugeuka kuwa msaada. Sikio la binadamu husikia besi kwa uhafifu kuliko sauti za kati. Gari lisilo na besi safi humshawishi dereva kupandisha sauti zote ili aipate. Gari lenye besi safi huridhisha kwa sauti ya chini zaidi. Ngoma ivumayo sana haikawii kupasuka, na uwezo wa kusikia ukiharibika kwa kelele za kila siku haununuliki Nakuru wala kwingineko.

8.0 HITIMISHO

Tumejaribu kuonyesha kuwa besi nzuri ni suala la kipimo. Mwenye karatasi ya spika, rula, kalamu na subira ya kungoja gundi ikauke anaweza kuunda kasha lililo bora kuliko mengi ya bei kubwa. Tumeonyesha pia kwamba hesabu ya pwani haifai kuhamishiwa Bonde la Ufa bila kurekebishwa.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili pana kazi iliyosalia. Spika, besi, koili, fyuzi, skrubu na gundi ni maneno yaliyokwisha kuzoeleka; mengine, kama tundu la pumzi, tumeyapendekeza hapa ili yajaribiwe. Inafaa mwanafunzi anayetafuta mada ya utafiti aende karakanani akiwa na daftari, asikilize mafundi wanavyoziita sehemu hizi, na ayaweke maneno yao pamoja na vipimo vyake. Orodha ya istilahi pasi na maelezo ya kazi hubaki kwenye rafu. Zikiandikwa ndani ya maelekezo ambayo fundi anaweza kuyafuata akiwa na msumeno mkononi, zitatumika, na spika ya mteja itapona.